Jicho la Kushoto la Mama

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimefua tangu alfajiri. Vumbi la mtaa huu wa Mkolani halina adabu, nguo zinakauka zikiwa zimeshageuka nyekundu. Joto. Cherehani nimeifunika kanga, wateja wapya hakuna.

Mama yupo. Kaka yangu Masanja alimleta jana kutoka Misungwi. Aliingia chumbani akipapasa ukuta. Mwaka wa tatu sasa haoni, mtoto wa jicho macho yote mawili. Anajua mchana na usiku, basi. Mwanangu Pili ana miaka miwili na bibi yake hajawahi kumwona. Anamjua kwa mikono.

Keshokutwa anapasuliwa jicho la kushoto. Mimi nataka. Yeye hataki.

Jumanne, 10 Oktoba

Tumebishana kutwa. "Nimeshaona vya kutosha mimi," anasema. "Nilimwona baba yako, nikawaona ninyi, nikaona na ng'ombe wa kutosha. Hao madaktari watakuja kunizimia hata haka kamwanga kalikobaki."

Nikamwambia, "Mama, Pili hujamwona."

Baadaye akauliza tunaondoka saa ngapi.

Nimeshinda, na najisikia vibaya. Nimemtumia mtoto.

Jumatano, 11 Oktoba

Hospitali. Mama alining'ang'ania mkono mpaka kucha zikaacha alama. Akaja muuguzi, binti mdogo tu. "Shikamoo, bibi." Marahaba ikatoka kwa shida. Yule binti akainama akamwamkia tena, safari hii kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." Vidole vya mama vikalegea. Akaenda naye bila kugeuka nyuma.

Haikuchukua muda. Katoka na bandeji, anadai chai.

Alhamisi, 12 Oktoba

Bandeji imetolewa. Daktari akanyoosha vidole mbele yake. Mama akakodoa.

"Ukungu," akasema. "Naona ukungu mweupe."

Daktari anasema jicho limevimba ndani, wengine huwatokea hivyo. Tutie dawa ya matone, turudi Jumatatu. Aliongea taratibu mno. Sikumwamini.

Njia nzima mama alinigeuzia kisogo. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 14 Oktoba

Matone asubuhi. Matone mchana. Matone jioni. Bado ukungu. Mama anakaa kitandani ameuelekea ukuta. Chakula anagusagusa tu.

Mawingu yalijikusanya upande wa ziwani tangu saa nane, meusi kabisa. Nikaanua nguo zote. Yakatawanyika. Hata tone halikudondoka. Nikazirudisha kambani, na vitenge vya harusi vya mteja wangu, nilivyovifua kabla ya kuvikata, vile vile.

Nimeshona mkono wa gauni nje ndani. Nimefumua. Naogopa. Kama nimemzimia kile kimwanga, Masanja nitamwambia nini? Na yeye mwenyewe?

Jumapili, 15 Oktoba

Lazima niandike.

Nimeamka nikakuta kitanda cha mama kitupu. Nikakimbia nje bila viatu. Alikuwa amesimama uani, peke yake, mikono inaning'inia. Jua ndiyo lilikuwa linachomoza juu ya mawe ya mlimani, yote yamekuwa rangi ya asali, na nyumba zilizojibana katikati yake zinameta mabati. Mbele yake kamba ya nguo.

Akasema bila kugeuka, "Kile cha njano cha nani?"

Kitenge cha bibi harusi. Kwa kweli kilikuwa cha njano, njano ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeiona, na nimekishika wiki nzima.

Ndipo akageuka. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Kabula. Umezeeka, mwanangu."

Nimecheka, nimelia, sijui kipi kilianza. Pili akatoka kwa kelele zetu, hana hata chupi. Mama akakaa kwenye kigoda, akamsimamisha mbele yake, akamsogeza mbali kidogo, akamsogeza karibu. Muda mrefu. Pili naye akatulia tuli, siyo kawaida yake.

"Kumbe uko hivi," mama akasema. Basi. Hivyo tu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Daktari amefurahi, uvimbe umekwisha, jicho safi. Mama akasema kabla ya kurudi nyumbani anataka kuona ziwa.

Tukashuka ufukweni. Mbali juu ya maji kulikuwa na nguzo za moshi mweusi, ndefu, zinajipinda taratibu. Si moshi. Ni wale wadudu wa ziwani, mamilioni, wanapanda angani pamoja. Mimi nawajua kama kero, wanaingia kwenye chai. Leo niliwatazama mpaka shingo ikauma.

Kisha ikaja mvua. Tuliiona kabla ya kuisikia: ukuta mweupe unatembea juu ya maji, na mbele yake maji yanameta kama bati jipya. Wauza dagaa wakakimbilia maturubai. Tukajibanza chini ya paa la kibanda. Harufu ya udongo ikapanda ghafla. Mama kanishika mkono, ananionyesha. Radi ile. Ndege wale weupe. Ona pale, Kabula, ona.

Miaka yote naishi hapa. Leo ndiyo nimeonyeshwa.

Nilitaka kupiga magoti.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mvua siku ya tano. Mkolani tope tupu. Mama karudi Misungwi, amekataa katakata kungoja. Watu wanapanda mahindi, anasema, anataka kuwaangalia. Nimemkumbusha asiiname, asikae kwenye moshi. Amenijibu ndiyo ndiyo, kama mtu asiyesikia.

Nyumba imepoa.

Jumanne, 7 Novemba

Simu asubuhi. Nikajua ni Masanja, kumbe mama mwenyewe.

"Mahindi yameota," akasema. "Nimeyaona mimi kwanza. Kina Masanja bado walikuwa wamelala."

Hakukata simu, nami sikukata. Tulikaa hivyo, huku kwangu inanyesha, huko kwake nasikia inanyesha.