Konzi ya Baba

Thika, 3 Januari 1958

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, hofu yetu ni kwako na kile kifua chako.

Kabeji zangu zimeungua, Baba. Nilitia mbolea ya chumvichumvi kwa hesabu uliyonifundisha nikiwa msichana, konzi moja ya mkono kwa miche minne, na majani yote yakakauka. Bwana Gurdial wa kiwanda cha mbao, aliyeniachia shamba la mtoni na maji ya pampu yake, amekubali nipande mara moja tu tena. Hizi nazo zikifa, shamba atampa mwingine. Nimekosea wapi?

Mwanao,
Ngendo

Ruiru, 10 Januari

Mwanangu Ngendo,

Kifua kimepona, kazi ya kahawa haina nafasi ya kikohozi. Pole sana. Lakini hesabu yangu usiisingizie! Hakuna mche wa mzungu ulioungua mkononi mwangu. Nadhani ni maji. Maji ya pampu huteremsha mbolea chini, kwa hiyo kipimo kigawe: nusu mche ukishika, nusu baada ya wiki tatu. Mwagilia kwanza, tia mbali na shina, kisha mwagilia tena. Konzi ni ile ile.

Baba yako,
Simeon

Thika, 3 Machi

Baba mpendwa,

Hujambo? Wamboi wetu anaota meno, hatulali.

Hesabu yako ni nzuri, Baba. Mikono ndiyo haifanani. Kabla sijatia mbolea niliukumbuka mkono wako wa kulia, ule mashine ya kahawa iliouachia vidole vitatu. Nikakunja vidole vyangu viwili, nikajaza mkebe wa sigara: konzi tano. Nikavikunjua: tatu tu. Basi konzi yangu ni ya miche saba! Nusu ya kwanza nimetia, na miche imesimama, kijani kabisa. Nusu ya pili ni Jumamosi, tarehe 15.

Mwanao,
Ngendo

Thika, 10 Machi

Baba,

U mzima? Mbona kimya? Kama nimekuudhi kwa kuutaja mkono wako, nisamehe.

Ngendo

Ruiru, 13 Machi

Ngendo mwanangu,

Mimi mzima, wala sijakasirika. Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa.

Tangu mashine ile, mkono huu naufichia mfukoni. Siku ya harusi yako wakwe walidhani naringa, kumbe niliona haya kuwasalimia. Ndiyo sababu sijafika kwako hata kumwona Wamboi, mke wangu mdogo, mwenye jina la mama yako. Nilijua mkono umebaki wa bure. Kumbe wewe hukuusahau, na sasa unakuza mboga.

Barua hii nampa Boaz, mwenzangu wa kazi, anakuja huko leo.

Jumamosi rudi kwenye hesabu ya miche minne. Nimepata pasi ya kusafiri siku hiyo. Nakuja na mkono wenyewe.

Baba yako,
Simeon