Baba Amehamia Hemani

Mwaitu,

Mama yangu, sijui nianzie wapi, wala sijui kama inafaa kukuletea maneno ya hapa nyumbani huko uliko. Lakini nikimwambia mtu mwingine atacheka, ama atamwita pasta. Sikiza wewe basi, maana ni wewe uliyeolewa naye. Baba amehamia hemani. Ameiacha nyumba yako ya mawe, yenye kitanda na blanketi zako zote, na analala pale uwanjani karibu na miti ya plamu.

Ni lile hema lake la zamani, Mama, lile zito lenye kuta zilizosimama wima, alilopewa alipostaafu kazi ya kambi za watalii. Ulikuwa unasema kila mwaka kwamba panya watalimaliza huko stoo. Hawakuligusa, sijui kwa nini. Wiki moja baada ya kukuzika alilitoa, akalianika, akalipiga brashi, na mimi nikadhani anataka kuliuza. Nikafurahi hata. Kumbe!

Sasa hapa kwetu vilima vya Mua unajua watu wakiona hema kwa boma wanafikiria nini: matanga. Mama Kioko alikuja mbio na sukari na unga, macho yameshajaa machozi, akaniuliza, "Ni nani tena?" Ningemjibu nini? Nilisema hakuna mtu, ni Baba tu. Akapiga mayowe, akadhani ni Baba! Na Baba mwenyewe akatoa kichwa mlangoni na nyundo mkononi, akamsalimia vizuri sana. Mama Kioko aliacha sukari chini akaenda zake, na tangu siku hiyo hajarudi.

Nilimuuliza Baba kwa nini, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili nikapandisha sauti. Jibu ni moja tu: "Shika hapa." Ananipa kamba nishike. Aki Mwaitu, nimeshika kamba za huyu mzee mpaka viganja vikachubuka. Alichagua mahali palipoinuka kidogo ili maji ya mvua yasiingie ndani, akakata matawi makavu yote yaliyokuwa juu, akachimba mfereji kuzunguka. Vigingi anavipigilia vikiwa vimeinama kwenda nje, na kila kimoja anakitikisa kama daktari wa meno.

Halafu likaja jiko. Nilipoona anaingiza jiko la kuni ndani ya turubai nilipiga kelele, sitakuficha. Si sote tunajua watu waliolala na jiko la makaa na asubuhi mlango ukavunjwa? Nilimwambia, umemzika mke na sasa unataka tukuzike wewe? Hakunikasirikia. Alinionyesha tu, taratibu, vile alivyokuwa akiwaonyesha vijana wake wa kambini. Jiko lina mlango wa kufunga na bomba la bati linalopeleka moshi nje. Linakaa juu ya mchanga, mbali na ukuta. Pale bomba linapopenya turubai ameshonea kipande cha bati chenye tundu, ili bomba lenye moto lisiguse kitambaa, na juu kabisa ameweka wavu wa waya wa kunasa cheche. Kuni ni kavu tupu, makaa ni marufuku, na dirisha halifungwi lote hata kukiwa na baridi kiasi gani. Maji yako kwa ndoo karibu na mlango. Kabla ya kulala anaacha moto ufe.

Mama, nikuambie ukweli? Ni pazuri. Mwezi huu wa Julai ukungu unashuka mpaka huoni ng'ombe, nyumba yako iko baridi kama kisima, na kule hemani kuna joto, kuna harufu ya kuni na chai. Kitanda amekiinua kutoka chini, ametandika magunia na mkeka. Nikiingia sitaki kutoka. Halafu nakasirika kwa sababu sitaki kutoka. Nimechanganyikiwa kabisa.

Kwa hivyo nilimpigia Mutuku. Nilimwambia njoo Jumamosi, kama mtoto wa kiume, ulitoe hili hema, baba yako ameharibika kichwa. Mutuku alikuja na ile haraka yake ya Nairobi, hata chai hakunywa. Akaanza kung'oa vigingi. Mimi nilisimama kando nikingoja Baba apige kelele, amlaani, afanye kitu.

Hakufanya kitu. Alizima moto, akatoa majivu, akaja akamwambia Mutuku, "Usilikunje likiwa na umande, litashika ukungu. Ngoja jua." Basi. Kama mtu anayefunga kambi msimu umeisha. Na hapo ndipo alipokaa juu ya kiti chake cha kukunja akasema, bila hata kututazama: "Nikilala kule ndani ya nyumba naamka nikimwita, halafu haitiki. Nikiwa kwa hema, mimi niko kazini. Na nikiwa kazini, mama yenu yuko nyumbani."

Mwaitu, ulisikia? Miaka yote ile aliyolala kwenye turubai mbali na sisi, wewe ulikuwa hapa, na yeye alijua uko hapa. Hajui namna nyingine ya kukukosa.

Mutuku alisimama na kigingi mkononi. Unamjua mtoto wako, kulia hawezi, alivuta tu kamasi. Halafu akapiga magoti akaanza kukirudisha ardhini, na Baba akamwambia kimesimama wima, akilaze. Akakilaza. Walivirudisha vyote wakiwa wawili. Jioni Mutuku alirudi Nairobi bila kuniambia nifanye nini.

Na mimi nifanye nini, Mama? Nikimtoa, ni kama kukuzika tena mbele yake. Nikimwacha, pengine namwacha apotee mzima mzima huku ananipikia chai. Majirani wanasema. Pasta ataniuliza. Na kuna jambo sijamwambia mtu: yeye akitazama nyumba, wewe umo. Mimi ndiye ninayelala humo, na nimekutafuta kila chumba. Namwonea wivu baba yangu mzee, unasikia upuzi huo?

Jana giza lilipoanza kuingia nilikuwa nimekaa jikoni kwako bila taa, sikuwa na nguvu ya kuinuka. Nikamwona mlangoni pa hema, amesimama, anatazama huku. Alitazama nyumba yote ikiwa giza, na akawa kama mtu aliyepotea njia. Niliinuka nikawasha taa. Akaingia hemani akafunga mlango.

Sijui kama nimemsaidia ama nimemdanganya. Lakini nakuahidi hili, Mwaitu: nitalikagua bomba lake kila asubuhi, kuni zake hazitalowa, na taa ya jikoni kwako nitaiwasha kila jioni, mpaka siku atakapovuka uwanja aje aizime mwenyewe.

Pumzika, Mama. Huku bado uko nyumbani.

Mwikali wako