Kambare wa Gorata

Gaborone, 9 Agosti

Baba Gorata,

Hatujambo, ila kambare uliyemnunulia mwanao alikufa jana. Kwa mujibu wa shajara yangu, ulipoondoka kwenda mgodini, tarehe 3 Machi mwaka jana, alikuwa kama kidole. Juzi alishindwa kujigeuza tangini, mgongo umepinda.

Mimi na Gorata tulimwendea mwenye duka ulikomnunua. Akacheka: “Mama, samaki hukua kadiri ya tangi. Huyo wako mkaidi tu.”

Gorata akawatazama kambare wadogo kwenye matangi yaliyopangwa dirishani. “Mjomba, waambie wanunuzi ukweli kwanza.”

Nimemwaga maji, lakini Gorata amekataa tangi litolewe sebuleni. Anasema Baba anakuja na lile kubwa aliloahidi. Sikumwambia kwamba hii ni barua yangu ya nne, na hujajibu hata moja.

Mkeo,
Mama Gorata