"Mimi" Aliyesema Mbele ya Chifu

Sekgwana, Botswana.
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa Shangazi Gaboipolelwe,

Dumela, shangazi yangu. Miguu inaendeleaje na baridi ya huko Francistown? Huku tu wazima wa mwili. Mama anaonja uji wa mtama kisha anasukuma bakuli, lakini hiyo si homa, ni hofu, na mimi ninayo vilevile.

Ni habari ya mdogo wangu Gaolathe. Chifu mpya alipotawazwa juzi, Gaolathe alipewa nafasi ya kumsifu kwa shairi. Alianza vizuri: wewe chui, wewe kivuli chetu. Wanawake wakapiga vigelegele. Ghafla akaacha "wewe," akashika "mimi": mimi ng'ombe niliyefukuzwa kisimani, mimi niliyekamuliwa hadi damu. Vigelegele vikakatika. Unajua kwetu anayetoa majigambo yake mbele ya chifu huhesabiwa anakitaka kiti.

Ijumaa anahukumiwa barazani. Kijana wa umri wake hupigwa viboko, shangazi, tena mgongo wazi. Na kwa kuwa nafundisha fasihi, wameniita niwaeleze shairi. Mzee mmoja wa ukoo wa chifu alinicheka njiani: "Mwalimu, njoo utuambie huyo 'mimi' ni nani. Si ndiyo kazi unayolipwa?"

Darasani swali hilo nauliza kila wiki bila wasiwasi. Sasa jibu lake ni mgongo wa mdogo wangu. Nilikusudia kusema ni ng'ombe tu anayesema, lakini maneno yale ni makali mno, nani ataniamini? Nikambana Gaolathe jikoni.

"We, anayesema pale ni nani hasa?"

"Kwani hujamtambua baba?"

Ni maneno ya marehemu baba kweli, aliyokuwa akiyasema akinoa shoka, tangu chifu wa zamani alipomfukuza kisimani na mifugo yake. Nimekua nayo, na shairini yakanipita.

Nikiyaeleza hayo mimi mwenyewe, wataona namficha mdogo wangu. Kwetu anayemsemea marehemu ni dada yake, na hakuna mzee atakayekukatiza. Nakusihi, panda basi la Alhamisi. Jifunge shali yako, usimame, uwaambie aliyesema ni kaka yako. Wamchape yeye, kama wanaweza.

Wasalimie Kelapile na watoto. Mungu akufunike njiani. Nitakuwa kituoni tangu asubuhi.

Wako akupendaye na anayeogopa,
Onalenna