Kilima cha Nsambya Bila Kusimama

Jumatatu, 16 Juni
Bwawani tena. Mara ya nne. Suruali, gauni refu, mtandio, na maji yanavuta vyote chini. Mwanamke mmoja wa kucha nyekundu akauliza, "Hajjati, umekuja kuogelea au kufua?" Nikamwambia alete na zake. Nimekunywa nusu ya bwawa. Nimetapika ukingoni. Nesi wa kliniki ya sukari ndiye aliyetuandikisha, wazee sita: kuogelea, baiskeli, kisha mbio, vyote asubuhi moja, ziwani Luzira, mwezi wa nane. Traiyatoloni. Wenzangu wanataka sukari ishuke. Mimi nataka kilima.

Jumatano, 18 Juni
Niandike sawasawa, nisijidanganye. Mwezi wa nne jirani yake Halima alinipigia simu: Isa anamuua mkewe. Halima ni binti yangu. Isa, mumewe, anaendesha lori. Wao wanakaa Nsambya juu, mimi chini. Mvua, boda hakuna. Nikapanda kwa miguu. Miaka thelathini nimekalia stuli sokoni Kikuubo nauza sufuria, nimenenepa kama gunia. Nilisimama mara tatu kupumua. Mara tatu! Jirani hakukata simu. Nasikia kila kofi. Nilipofika mkono wa Halima ulishavunjika. Isa akanisogezea kiti. "Umefika, mama? Kaa upumzike."
Nikakaa. Miguu ilikataa. Hilo sijisamehe.
Wazee wa ukoo walikutana, Isa akaomba radhi, Halima akarudi. Mjinga yule.

Jumamosi, 28 Juni
Nimempiga kocha. Kato, Muganda, l na r zake hajui zinakaa wapi. Akaniita bibi kwa Kiganda chao, akasema mbele ya watu, "Jjajja, reo mimi na wewe tutapiga maji mpaka jioni." Kwetu kupiga maji ni kulewa. Isa hupiga maji, akirudi anapiga mke. Nikamtandika kofi, kofia ikaruka bwawani. Kumbe alitaka niyapige maji kwa miguu, niende mbele. Watu wamecheka mpaka wamekaa chini. Nimeomba msamaha, nusu. Kisha nikayapiga. Nimeyapiga kama yamenitukana. Nimevuka bila kushika ukuta.

Ijumaa, 11 Julai
Nimeanguka na baiskeli. Boda alinikata mbele, nikapita juu ya usukani. Goti limepasuka, nimeona cheupe ndani. Nikainuka nikamkaba kola. "Mshenzi, macho umemwachia nani?" Eti, "Pole jjajja, wewe kaa nyumbani." Nimechoka kuambiwa nikae.
Nimemwona Halima sokoni. Jicho limevimba. Anasema ni mlango. Mlango gani huo unavaa pete?

Jumatano, 30 Julai
Jirani amepiga simu saa kumi alasiri. Sikungoja neno la pili. Nimerukia baiskeli. Pale niliposimama mara ya kwanza, nimepita. Pa pili, nimepita. Kifua kinaungua, goti linavuja, nimepita. Sikushuka. Nimemkuta Isa mkono uko juu, mkanda ameuzungusha kwenye ngumi. Halima chini, kati ya kabati na ukuta. Akageuka. "Umefika, ma..." Hakumaliza. Nimemtia pampu ya baiskeli mdomoni. Jino likatoka. Nikamtia tena. Akanipiga teke la mbavu, kitu kikavunjika ndani kama kuni. Sikukaa. Ya tatu nikampa gotini, akaanguka, anamlilia mama yake.
Halima nikampandisha kwenye keria. Hana viatu. Tumeteremka breki zinapiga kelele. Akaniambia mgongoni, "Mama, atatufuata."
"Na aje. Pampu ninayo."

Alhamisi, 31 Julai
Mbavu mbili. Daktari ananiuliza nina miaka mingapi, kama yeye ndiye atakayenioa.
Halima ameandika maelezo polisi. Kwa mkono wake, ule uliounga vibaya. Mimi nilibaki kwenye benchi, sikumsemea.
Jioni wazee wamekuja wanataka arudi, Isa ameumia. Nimewafungia mlango. Nikawaambia dirishani: safari hii nendeni nyinyi mkaolewe naye. Mmoja akasema sina adabu. Sina.

Jumapili, 3 Agosti
Leo ndiyo mashindano, Luzira. Sikwenda. Nimefungwa bandeji, hata kukohoa siwezi. Nesi amesema mwakani. Tutaona.
Niko mlangoni, nachambua mchele. Halima amelala. Saa tatu, amelala. Saa nne. Mtu akilala nyumbani kwangu jua limetoka, mimi humwagia maji. Saa sita mchana bado anakoroma, mdomo wazi, ngumi zimefunguka.
Nimewaambia majirani wapunguze redio.