Ng'ombe kwa Jina la Mwanzia

Nyumbani, Kitui
11 Agosti 2025

Mwanangu Mwanzia,

Hujambo huko Kibera? Kile kifua kilipona? Mimi ni mzima, ni goti tu linanisumbua. Tangu tumzike mama yako hujakanyaga hapa, miaka minne sasa. Haya, tuyaache.

Ukame umetubana. Serikali imeleta ruzuku ya nyasi kavu, inalipa sehemu kubwa na mfugaji anamalizia. Ng'ombe wetu saba nimewaandikisha kwa chifu kwa jina lako, na namba yako ya simu, maana mimi sina simu. Mesej ya nyasi ikiingia, njoo nayo pamoja na kitambulisho. Mwenye jina ndiye anatia sahihi.

Barua nampa Muia wa basi. Nijibu kupitia kwake.

Baba yako


Kianda, Kibera
20 Agosti 2025

Baba,

Habari ya nyumbani? Pole na goti. Mimi niko poa, kazi ya useremala inasonga. Mesej bado haijafika. Ikifika nitakuambia. Wasalimie majirani.

Mwanao


Nyumbani
8 Septemba 2025

Mwanzia,

Salamu nyingi. Umeamkaje?

Wenzetu wote wameshapata nyasi. Nimeazima simu ya Ndanu hapa jirani, nikakupigia. Amepokea mwanamke! Nikafurahi weee, nikamwita mkaza mwana, nikamuuliza kama amekula. Akakata simu. Kama umeoa, si ungeniambia? Singekasirika.

Ng'ombe wawili wamekufa. Akilala chini kwa njaa huyu mnyama anainuliwa na watu wanne kwa miti. Leo nimejaribu peke yangu, nikaketi karibu naye mpaka jua likapanda. Mesej iko wapi?

Baba yako


Kianda
16 Septemba 2025

Baba,

Natumai hujambo, ingawa najua huwezi kuwa sawa.

Sijaoa. Laini ile si yangu tena. Laini ikikaa bila kutumiwa wanaifunga, halafu wanampa mtu mwingine. Yangu ilikaa hivyo, kwa sababu baada ya mama hakuna aliyenipigia, na mimi sikuwa na wa kumpigia. Niliona aibu kukuambia.

Nimemtafuta huyo mwanamke kwa namba ile ile. Anaitwa Lenah, yuko Kawangware, anauza omena, wale dagaa. Mesej aliiona, akadhani ni wakora, akafuta. Anakuomba msamaha. Anasema hakuna mtu amewahi kumuuliza kama amekula tangu aje Nairobi.

Hata useremala niliuacha, baba. Siku hizi nabeba mawe mjengoni. Naweza kumaliza wiki bila mtu kuniita jina. Nilipiga simu ofisini kwa chifu huko kwenu, wakasema mesej nyingine hawatumi, lakini mwenye jina akifika mwenyewe na kitambulisho kabla ya tarehe thelathini kupita atapewa nyasi. Nitajaribu kuja. Ila nikifika hivi nilivyo, watu watasema nini?

Mwanao


Nyumbani
9 Oktoba 2025

Mwanangu,

U mzima? Goti limepata nafuu.

Tarehe thelathini nilikaa kwa chifu tangu asubuhi mpaka wakafunga. Kila aliyeingia niligeuka. Ofisa alikuwa na adabu, alinitolea kiti.

Wiki hii ng'ombe wamekwisha wote. Usijilaumu, kwa maana nina jambo la kukuambia. Siku ile ya kuandikisha, kitambulisho changu kilikuwa mfukoni, na Ndanu aliniambia mzee, weka namba yangu. Nilikataa. Niliposikia mwenye jina lazima afike mwenyewe, ndipo nikaandika lako. Nilifikiri, huyu kwangu haji, lakini kwa ng'ombe atakuja. Nikawaponza wanyama wasio na hatia.

Wewe unaogopa watu watasema nini. Mwanzia, hapa nyumbani hakuna watu. Niko mimi tu.

Sasa sina tena kitu cha kukuitia. Njoo hivyo hivyo.

Baba yako