Kabureta ya Kaaya

Alhamisi, baada ya chakula

Na bado nasema, kama ninavyoandika gazetini: msumeno wa mnyororo usiokubali bisibisi si mali yako, ni mali ya fundi mwenye kompyuta. Ila leo wangu umeniaibisha.

Mti wa mgrevilea wa Mama Anna ulikuwa umeliinamia zizi la ng'ombe wake, na upepo ulikuwa umeanza kushuka kutoka Mlima Meru. Kabureta yangu, ile inayochanganya hewa na petroli, niliiseti mwenyewe kwa bisibisi nyumbani Olasiti, nikasahau kwamba kule juu mlimani kwa Mama Anna hewa ni nyepesi na petroli huzidi. Msumeno ulitoa moshi, ukakohoa, ukazima kabla sijagusa gome.

"Shemeji, hotuba imeisha?" akauliza Kaaya, kaka wa mke wangu. "Maana huu mti hausomi magazeti."

Msumeno wake, wenye kabureta inayojirekebisha yenyewe bila bisibisi, ulisita kidogo kisha ukanguruma safi. Mti ukaanguka mbali na zizi. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa natafuta skrubu.

Mama Anna alitupatia maziwa, nikanywa vikombe viwili.

Kinachonikera ni kimoja tu. Kabureta ile ilibadili msimamo kwa dakika moja, bila kubishana na mtu. Mimi imenichukua miaka, na bisibisi bado ninayo mfukoni.